Jini la Tehran, sanda ya Indonesia, mganga wa Korea: uanze na muvi ipi?

Mpwa wangu yuko Tanga, amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo. Muda anao kuliko bando. Wiki iliyopita akanitumia sauti ya WhatsApp: "Shikamoo mjomba. Nitafutie muvi ya kutisha, ila siyo zile za Wazungu wanaosikia kitu kinakwaruza darini halafu wanapanda wenyewe na tochi. Hao mimi nawaombea wafe mapema." Nikamjibu marahaba, nipe siku mbili.

Siku mbili zikawa tano, maana muvi ninazozipenda ni nyingi na yeye alitaka moja. Ukiuliza swali kama lake mtandaoni utatupiwa majina mia, yote yamesifiwa kwa pumzi ileile, kana kwamba mtu ana usiku mia wa kukaa macho. Nimechuja zikabaki tatu. Zote zimetengenezwa mbali na Hollywood, na zinatisha kwa vitu ambavyo mtu aliyekulia huku hahitaji kuelezwa: jini, sanda na mganga. Msimamo wangu ni kwamba anayeanza kutazama muvi ngeni na za ajabu aingilie mlango wa hofu anayoijua. Zile zinazosifiwa kwa ajabu peke yake zimngoje, hazikimbii popote.

Tahadhari moja kabla ya yote: hakuna hata moja kati ya hizi tatu ya kumtazamisha mtoto.

Jini: Under the Shadow

Hii ni ya mwaka 2016, kazi ya Babak Anvari, Mwirani anayeishi London. Wahusika wanaongea Kiajemi, kisa kinatokea Tehran wakati wa vita vya Iran na Iraq, picha zilipigwa Jordan, na Uingereza ndiyo iliyoipeleka kwenye Oscar kuiwakilisha katika kundi la lugha za kigeni. Muvi isiyo na kwao, kama jini lenyewe.

Shideh ana binti mdogo, Dorsa. Alikuwa anasomea udaktari, lakini baada ya mapinduzi chuo kilimfungia mlango kwa sababu ya siasa zake za zamani. Mumewe, ambaye ni daktari, anaitwa kwenda kuhudumia jeshi. Vioo vya madirisha vimebandikwa utepe kwa umbo la X ili visirukie watu bomu likianguka. Mara kombora linatoboa paa la jengo lao, linakwama bila kulipuka. Mwanasesere wa Dorsa anapotea. Majirani wanafungasha, familia moja baada ya nyingine, na mtoto anaanza kusema ndani ya nyumba kuna mtu.

Humo wanasema majini husafiri na upepo. Mimi hapo nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji. Kwetu ni pepo na upepo, neno limezaa neno. Kwenye pwani ya kusini ya Iran, watu wanaopandwa na pepo waitwao zari huitwa ahl-e hava, yaani watu wa upepo, na wengi walioichunguza ibada hiyo wanaihusisha na Waafrika waliovushwa bahari kupelekwa Ghuba. Kwa hiyo jini la Tehran halikunijia kama mgeni. Lilinijia kama ndugu aliyekaa ng'ambo muda mrefu akarudi na lafudhi.

Kuna tukio moja ambalo peke yake linatosha kukufanya uitazame. Usiku, Shideh anaona kitu ndani ya nyumba, anambeba mtoto, anakimbilia barabarani miguu mitupu. Wanaume wa doria wanamkuta. Badala ya kumuuliza anakimbia nini, wanamkamata kwa kuwa kichwa chake kiko wazi. Anatishiwa viboko, kisha anarudishwa kulekule nyumbani alikokimbia. Na jini humo ndani linapenda kuonekana kama baibui tupu linaloelea. Mwanamke yupo katikati ya nguo mbili, moja ya serikali na moja ya shetani, na mwongozaji hakuweka hata sentensi moja ya kukufafanulia.

Kasoro inayo. Dakika za mwisho jini linaonyeshwa mno. Lilikuwa linatisha zaidi lilipokuwa upepo kwenye pazia. Na nusu saa ya kwanza inakwenda polepole, mtu asiye na subira ataanza kuchezea simu. Lakini muvi nzima ni dakika 84, damu karibu hakuna, na ni ya kutazama peke yako au wawili, taa zimezimwa.

Sanda: Pengabdi Setan

Jina hili usiliogope. Setan ni shetani, na abdi iliyomo ndani ya pengabdi ndiyo ile ya akina Abdi na Abdallah: mtumishi, mja. Waja wa shetani. Nje ya Indonesia imeuzwa kwa jina la Satan's Slaves. Joko Anwar aliitengeneza mwaka 2017 akifufua muvi ya zamani ya Sisworo Gautama Putra yenye jina hilohilo, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mama aliyekuwa mwimbaji amelala kitandani miaka mitatu, hawezi kusema, akihitaji kitu anagonga kikengele. Hela za nyimbo zake zimeisha. Nyumba iko pembeni ya makaburi. Mama anafariki, anazikwa jirani tu hapo, baba anaondoka kwenda mjini kutafuta riziki, wanabaki Rini na wadogo zake watatu pamoja na bibi. Halafu usiku mmoja kengele inalia.

Yangekuwa hayo tu, ningeiweka kwenye kundi la muvi nzuri nikaendelea. Kinachoipandisha ni sanda. Waindonesia wana kitu kinaitwa pocong: maiti aliyerudi akiwa bado amefungwa sandani, kamba kichwani na miguuni. Wanaamini kamba zile zisipofunguliwa kaburini, roho inabaki imefungwa humo. Yeyote aliyewahi kushuka kaburini kumlaza ndugu yake kwenye mwanandani anazijua kamba hizo, na anajua jinsi vidole vinavyogoma kufungua fundo. Muvi ya Marekani inaweza kunionyesha mtu mwenye msumeno saa nzima nikala bisi zangu. Wale wa sanda, wamesimama tu gizani nje ya dirisha bila kusogea, waliniondoa kwenye kochi.

Kuna pia tukio la Rini akiswali usiku. Sitalisimulia. Niseme tu kwamba ukiwa umezoea kuwa ndani ya swala ndiyo mahali pa mwisho pa usalama, Joko Anwar anajua umezoea hivyo.

Hapo ndipo inapotofautiana na ile ya zamani. Desturi ya muvi za kutisha za Indonesia enzi za utawala wa Rais Soeharto ilikuwa kwamba mwishoni shehe anatokea, anasoma, mashetani yanaungua, watu wanarudi kwenye dini. Ile ya kwanza inafuata njia hiyo. Hii mpya inaye ustadhi, tena mtu mwema, jirani mwenye kauli nzuri, lakini usije ukamtegemea. Shangazi yangu aliitazama hadi hapo akasema huu ni ukafiri, akaamka. Akarudi baada ya dakika kumi kuuliza imeishaje.

Ni dakika 107, inashtua kwa vishindo zaidi ya ile ya Iran, na damu ipo kiasi. Mwishoni mambo yanarundikana, unaona kabisa wanajiwekea akiba ya sehemu ya pili, ambayo kweli ilitoka 2022. Kati ya hizi tatu, hii ndiyo ya kutazama na sebule nzima. Kilio cha mmoja kinamwamsha mwingine, na kuna nafasi za kucheka.

Mganga: The Wailing

Hii niliiona mara ya kwanza bila mwisho. Nilikwenda na flashi yangu kwenye duka la kuwekewa muvi, kijana akaniwekea, nikalipa, nikarudi nyumbani. Saa mbili baadaye, pale ambapo polisi anakimbia gizani kurudi kwake na wewe umeuma kola ya shati, picha ikaganda, ikaisha. Faili lilikuwa limekatwa. Wiki nzima nilibishana na rafiki yangu nani alikuwa mbaya, wote wawili hatujaona mwisho. Nilipokuja kuupata, tukabishana vilevile.

Kwa hiyo kwanza hakikisha urefu: dakika 156. Mechi yenye muda wa nyongeza ni 120, na hapo hujafika penati. Ukiikuta ina saa mbili na kidogo, rudisha.

Mwongozaji ni Na Hong-jin, mwaka 2016. Kijiji kiko Gokseong, wilaya ambayo ipo kweli kusini mwa Korea. Jina hilohilo la Kikorea likiandikwa kwa herufi nyingine za Kichina linamaanisha sauti ya kilio. Watu wanaanza kutoka vipele, wanapagawa, wanaua familia zao. Wakubwa wanasema ni uyoga wenye sumu. Wanakijiji wanasema ni yule mzee wa Kijapani aliyehamia mlimani, asiyejulikana alifuata nini. Nani kamwona? Fulani kasikia kwa fulani. Kama umewahi kukaa mahali ambapo mzee mmoja mpweke ameanza kunyooshewa kidole, tumbo litakukata kabla hata ya kitu chochote cha kutisha kutokea.

Tuliolelewa na kibanda umiza, swali la kwanza muvi ikianza ni moja: stelingi nani? Ukishamjua unatulia, kwa sababu stelingi hafi. Hapa stelingi ni Jong-goo, polisi mnene, mwoga, anayechelewa kazini kwa sababu ya kula. Kwa karibu saa nzima utamcheka. Kisha binti yake anaugua, na kicheko kinakuishia mdomoni.

Mama mkwe anamwita mganga. Anakuja na gari zuri, suti, gharama zake anazitaja bila kupepesa. Utamtambua. Siku ya kazi yake ndiyo kilele cha muvi: ngoma, matoazi, wanyama waliochinjwa, mganga anacheza na kisu, anapigilia misumari mirefu kwenye gogo lililochongwa sura. Kila msumari unapoingia, binti chumbani anajipindapinda kwa maumivu na kumlilia babaye asimamishe. Huko mlimani, Mjapani naye anapiga ngoma yake. Picha inaruka huku na huku, kelele zinapanda. Baba anatakiwa aamue: amwache mganga amalize, au amsikilize mtoto? Kila mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto kwa mtu "anayejua" anakifahamu chumba hicho.

Sisemi alichoamua. Nasema tu kwamba nimeitazama mara nne, na mara mbili nimekuwa upande wa baba.

Ukiziweka pamoja

Zote tatu zinauliza jambo moja: likikufika, unamkimbilia nani? Tehran hakuna wa kumkimbilia. Mume yuko mbali, majirani wamehama, dola inakukamata. Indonesia yupo, ustadhi, na nguvu zake zina kikomo. Korea wapo wengi kupita kiasi. Polisi, mganga, shemasi kijana wa Kikatoliki anayejua Kijapani, padri anayekwambia mpeleke mgonjwa hospitali, mwanamke wa ajabu mwenye nguo nyeupe. Kila mmoja ana maneno yanayoingia akilini, na kuna anayedanganya. Ndiyo maana The Wailing ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo nisiyomshauri mtu aanze nayo. Ni kama kumpa mgeni urojo wenye pilipili zote siku ya kwanza. Ataamini chakula chetu chote ni moto.

Ukitaka kuogopa halafu ulale, Pengabdi Setan. Hofu yake ni ya mwilini, inakushtua, unapiga kelele, inatoka. Ile ya Iran inabaki kidogo, utatazama pazia kwa jicho jingine usiku wenye upepo. Ya Korea haitishi sana ukiwa unaitazama. Inatisha Jumatano ijayo ukiwa kwenye daladala.

Kuhusu lugha, zote zitazame kwa sauti ya asili na maandishi chini. Kuna nakala zilizotiwa sauti za Kiingereza, ziepuke. Kilio cha yule binti wa Kikorea kimebeba robo ya muvi, na huwezi kumwazimishia mtu mwingine kilio. Najua wako wasiopenda kusoma huku wanatazama. Kwao ya Iran ndiyo nyepesi, maneno yake machache. The Wailing ina maongezi mengi, ukipitwa na mstari mmoja umepotea.

Tatu za pembeni

Ringu ya Hideo Nakata, Japani, 1998, ningeiweka juu miaka kumi iliyopita. Ukanda wa video wenye laana: ukiutazama, siku saba, umekufa. Watu wameshaiona ile picha ya mwanamke mwenye nywele usoni akitoka kwenye televisheni kwa vichekesho vingi mno, makali yamepungua. Bado ina jambo moja zuri kwetu: ujanja wa kuponea laana ile una undugu na zile meseji za "tuma kwa watu kumi la sivyo yatakupata". Ukizikumbuka, utaielewa kuliko Mzungu yeyote. Na mwendo wa Sadako, yule mwanamke wa nywele, ule wa kuvunjikavunjika, ulipatikana kwa mwigizaji kutembea kinyumenyume, kisha picha ikachezeshwa kinyume.

Hausu ya Nobuhiko Obayashi, Japani pia, 1977, ndiyo ya ajabu kuliko zote nilizotaja. Wasichana saba wanakwenda likizo kwa shangazi wa mmoja wao, na nyumba inawala. Siyo kwa mafumbo. Piano inamtafuna msichana vidole, kisha kiwiliwili, huku vidole vilivyobaki vinaendelea kupiga. Obayashi alitoka kwenye kutengeneza matangazo ya televisheni, na aliomba mawazo kwa binti yake mdogo, inaonekana. Chini ya vurugu hizo kuna shangazi aliyemngoja mchumba ambaye hakurudi vitani, na hapo ndipo inapouma. Nzuri sana, ila siyo ya kwanza. Mpwa wangu angeizima dakika ya kumi akidhani nimemtumia katuni.

Ya tatu haitishi hata kidogo, na iko hapo jirani. Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana, ikatoka 2010. Inasemekana iligharimu dola kama 200. Bunduki za kuchonga, helikopta za kompyuta zinazoangusha mabomu juu ya Kampala, na makomando wa mtaani wanaojua kung fu kwelikweli. Nabwana hakubaki na nakala safi; ilibidi aifute kwenye kompyuta apate nafasi ya kutengeneza muvi nyingine. Iliyobaki ina sauti ya VJ Emmie akichekesha juu ya picha mwanzo hadi mwisho. Wazungu wakiiona huandika kurasa juu ya ubunifu huo wa ajabu. Sisi tuliomsikiliza Lufufu akitutafsiria, au DJ Afro kule Kenya, tunajua tu kwamba tupo nyumbani, tumekaa kwenye benchi, feni imekufa. Wakaliwood, studio ya Nabwana, wenyewe wameiweka bure YouTube, na ni ya saa moja na kitu. Ukiwa na wageni wasiokubaliana juu ya lolote, weka hiyo.

Hata hivyo mwenyewe aliomba ya kutisha. Tehran nilifikiri itamchosha mwanzoni, Korea nikaiweka akiba. Nikamtumia Pengabdi Setan Ijumaa, na onyo kwamba asiitazame peke yake. Akaitazama peke yake.

Jumapili dada yangu akanipigia, hata salamu hakumaliza. Muuza aiskrimu kapita mchana kweupe na kengele yake, yeye kampa binti hela akanunue, binti kagoma kutoka nje. "Umempa nini mwanangu?" Nikamwambia muvi tu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza ina dakika ngapi.